Kisahani Kinachoangukia Kulia

Mkolani, Mwanza
4 Februari 1995

Mwanangu Modesta,

Naomba radhi kwa kukaa kimya miezi minne. Umeandika mara tatu, na barua zote tatu zimefika. Mama yako anazihifadhi ndani ya Biblia, nami nimezisoma kila moja zaidi ya mara moja. Sina udhuru wa kutosha. Nilikuwa na shughuli. Isitoshe, kalamu zinazouzwa siku hizi, tangu kila mtu aruhusiwe kuagiza bidhaa atakazo, zinavuja wino kabla ya kufika nukta ya kwanza, nami sipendi kumpelekea mwanangu karatasi yenye madoa. Kwa sababu hiyo nimeazima mashine ya chapa ya parokia. Ukiona herufi "r" imeruka juu ya mstari, usidhani nimesahau kuandika.

Sisi ni wazima. Mihogo imekubali. Mradi wa maji umefungwa, na yule mhandisi Mswidi aliyekutafutia nafasi ya masomo huko kwao aliondoka Desemba. Alituachia mchezo wake. Nadhani uliuona alipokuwa akiucheza peke yake uwanjani kwao, watu wakimcheka. Mtu anasimama mbali, anarusha kisahani cha plastiki, anakifuata kilipoangukia, anakirusha tena, mpaka kiingie katika kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo ya baiskeli. Anayerusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Mzee anahitaji kunyoosha viungo, na mchezo huu hauna mbio.

Ninacheza kila Jumamosi na jirani yetu Bwana Okech, fundi mstaafu wa meli, yule aliyekuwa akikuletea samaki aina ya sato ulipokuwa mdogo. Amenishinda Jumamosi nne mfululizo. Kisahani changu cha masafa hakina neno. Tatizo ni cha kumalizia, kile cha kurushia karibu na kikapu. Kinaanza vizuri, kisha hatua nne kabla ya kufika kinaegemea kulia na kuanguka. Ni kulia kila mara. Okech anasema, "Mwalimu, sahani yako ina mke wa pili upande ule."

Nakuomba uniulizie huko kisahani cha kumalizia kinachokwenda moja kwa moja. Jambo hili linaweza kuonekana dogo. Kwangu si dogo.

Mama yako anakusalimu sana. Soma kwa bidii. Umebakiza mwaka mmoja, na mwaka mmoja si kitu.

Baba yako,
ELIAS NDALAHWA


Uppsala
26 Februari 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilipoona bahasha yenye stempu ya Mwanza nilikaa palepale kwenye ngazi za bweni, kwenye theluji, nikaisoma nikiwa na glavu. Miezi minne, Baba! Nilishaanza kuota ndoto mbaya.

Kisha nikacheka mpaka jirani akafungua mlango. Wewe? Wewe uliyenichapa kwa kurusha kifuniko cha sufuria uani? Nimewasimulia wenzangu maabara kwamba baba yangu, mwalimu wa sarufi, sasa anarusha sahani na Mzee Okech. Hawaoni ajabu yoyote. Hapa wazee wanacheza msituni, kila mmoja na mkoba wake.

Nimekwenda dukani. Mwenye duka ni mama mmoja mnene anayeuza vifaa vya theluji wakati wa baridi na visahani wakati wa joto. Ameniwekea mezani visahani zote za kumalizia alizonazo, kama kumi na tano hivi. Kwa macho yangu vilifanana, ila rangi. Yeye akavipanga kama muuza dagaa anayepanga mafungu: hivi ni vikaidi, vinavuta kushoto mwishoni, hivi ni vyepesi kugeuka, vinakwenda kulia, na hivi vya katikati vinakwenda moja kwa moja.

Nikaomba cha katikati. Akaniuliza, "Alicho nacho kinaangukia wapi?"

"Kulia."

"Una hakika?"

"Baba yangu hajawahi kukosea kulia na kushoto maishani mwake."

Akatikisa kichwa. Akasema kama kinamwangukia kulia kila mara, basi mkono wake unakiinamisha, na cha katikati hakitamsaidia. Anahitaji kikaidi kinachovuta kushoto, na mkono na kisahani vikipingana hivyo njia itanyooka. Kwa hiyo nimekutumia kikaidi, chekundu, ili kionekane kwenye majani. Mkabidhi Mzee Okech salamu zangu na umshinde.

Kitu kimoja, Baba. Barua yako haina sahihi. Ulikuwa unatupa sifuri kwa barua isiyo na sahihi. Umesahau, au uzee?

Mbusu Mama.

Wako,
Modesta


Mkolani, Mwanza
1 Aprili 1995

Mwanangu Modesta,

Kisahani kimefika salama. Ahsante.

Umeandika "visahani zote za kumalizia". Andika "visahani vyote vya kumalizia". Baridi isiwe sababu ya kuvuruga ngeli.

Nasikitika kukuarifu kwamba kikaidi chako kimetuaibisha. Jumamosi iliyopita nilisimama hatua kumi na tano kutoka kwenye kikapu. Nilirusha vizuri. Kisahani kilikwenda hatua tano, kisha kikakata kulia kama mtu aliyeitwa jina lake, kikavuka ua, kikateleza katikati ya dagaa wa Odeta waliokuwa wameanikwa kwenye turubai. Odeta alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Alikiokota, akaja nacho mpaka uani, magamba ya dagaa yakiwa yamekishika, akasema, "Mwalimu, shikamoo. Zamani ulitufundisha kusoma. Sasa unatufundisha kukwepa?"

Okech alilala chini kwa kucheka. Alisema, "Yule wa kwanza alikuwa na mke wa pili. Huyu mwekundu amehamia kwake kabisa."

Mama yako alikwenda kuomba radhi.

Ushauri wa mwenye duka, basi, haukuwa sahihi. Kisahani cha kwanza kilikuwa kikianguka kulia hatua nne kabla ya kikapu. Hiki kinaanguka kulia hatua kumi kabla. Yeye alisema kitavuta kushoto. Mwambie hivyo kwa heshima. Nilichoomba tangu mwanzo ni kinachokwenda moja kwa moja.

Kuhusu sahihi: jina lililochapwa linatosha. Kuhusu uzee: nina miaka sitini na mbili.

Usiwe na wasiwasi juu yetu. Soma.

Baba yako,
ELIAS NDALAHWA


Uppsala
22 Aprili 1995

Baba,

Shikamoo.

Nimempelekea mama wa dukani maneno yako kama ulivyoniagiza, kwa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, kikaidi kile hakiwezi kwenda kulia. Labda mtupaji awe anatumia mkono wa kushoto."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hampi mkubwa wake kitu kwa mkono wa kushoto, wala hali chakula kwa huo, na kwamba wewe uliwapiga rula watoto waliopokea chaki kwa mkono huo. Akanielewa. Lakini alinipa kikaidi kingine kama kile chako, akasema, "Nenda ujaribu mwenyewe."

Theluji imeyeyuka. Nilikwenda uwanjani nyuma ya maabara. Nikarusha kwa mkono wa kulia: kilipochoka, kikaanguka kushoto. Mara ya pili, kushoto. Mara ya kumi, kushoto. Kisha nikabadilisha mkono.

Baba, unajua mimi nilizaliwa na mkono gani. Nilipokuwa darasa la kwanza, kila jioni saa ya kuandika, uliufunga mkono wangu wa kushoto kwenye kiti kwa utepe wa gauni la Mama. Hukunifunga kwa ukali, ulikuwa unauliza kama unabana. Lakini ulinifunga miezi saba. Tangu siku hizo sikuwahi kurusha hata jiwe kwa mkono huo.

Nikarusha kwa huo. Kilikwenda hatua tano, kikakata kulia. Ungedhani dagaa wa Odeta wameanikwa pale.

Nilikaa kwenye majani mabichi mpaka suruali ikalowa. Nilikumbuka mashine ya chapa, barua isiyo na sahihi, miezi minne.

Jana nilipiga simu parokiani. Nilimuuliza Padri habari zako. Akasema, "Mwalimu anaendelea vizuri." Baba, mtu mzima wa afya haendelei vizuri. Mgonjwa ndiye anayeendelea vizuri. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza kitenzi.

Mkono wako wa kulia una nini?

Nimekwenda kuulizia tiketi. Naweza kuwa Mwanza mwishoni mwa Mei. Masomo yatajijua.

Modesta


Mkolani, Mwanza
11 Mei 1995

Mwanangu mpenzi,

Hii ni kwa mkono wangu. Unaona herufi zilivyo. Ukurasa huu umenichukua siku tatu, na ningekuwa mwalimu wako ningeurudisha.

Nimekudanganya. Karibu kila neno nililoandika lilikuwa sahihi, lakini barua zote mbili zilikuwa uongo. Kalamu hazikuwa na kosa.

Tarehe kumi Oktoba nilikuwa Misungwi. Mwalimu mkuu mmoja aliniomba nisimamie darasa la saba siku moja. Nilikuwa naandika tarehe ubaoni. Chaki ikanitoka. Nikainama kuiokota, na mkono ukakataa. Watoto walidhani nawafanyia mzaha, wakacheka, nami nikataka kuwakemea, ulimi nao ukakataa. Ni kiharusi. Nililazwa wiki tatu. Ulimi ulirudi. Mguu ulirudi, isipokuwa nauburura kidogo jioni. Mkono haujarudi.

Nilimkataza mama yako asikuandikie. Nilimkataza Padri na Okech. Nilijua utaacha masomo uje kuninawisha. Sikutaka kuwa sababu. Usimlaumu mama yako. Aligombana nami kwa ajili hiyo mara nyingi, na siku mbili hakusema nami kabisa.

Sikuogopa ugonjwa kama nilivyoogopa salamu. Watu walikuja kunipa pole, na mimi sikuwa na mkono wa kuwapa. Ningempaje mtu mkono wa kushoto, mimi? Odeta alileta uji, nikaupokea kwa huo mkono, na nikaona macho yake yanakwenda kwenye mkono kabla ya kuja usoni. Nilimpiga rula kwa kosa hilohilo mwaka sabini na moja. Baada ya hapo nilikaa ndani miezi miwili.

Okech ndiye aliyenitoa. Alikuja na visahani vya Mswidi, akasimama mlangoni. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Mwalimu, hii ni sahani tu. Haina adabu wala mkubwa. Itupe kwa mkono uliopo." Nikaitupa ili aondoke. Hakuondoka.

Kisahani chake kinaangukia kushoto na changu kulia. Nilidhani ni ukaidi wake. Sikujua kwamba kinafuata mkono. Umenifundisha wewe.

Nilifundisha miaka thelathini na moja kwamba mkono wa kulia umeitwa hivyo kwa sababu ndio wa kulia chakula. Sasa mimi nalia kwa wa kushoto. Najua sentensi hiyo ina maana mbili. Mwandishi makini angeondoa utata. Nimeuacha.

Modesta, ule utepe. Nilikuwa nimesoma kwamba ndivyo inavyofanywa. Nilidhani nakuokoa na aibu ya watu. Ulikuwa unaandika vizuri kwa mkono wako, herufi za mviringo kabisa, nami niliziona, nikakufunga. Sasa ninapojifunza kuandika upya, kila jioni, mama yako akiwa amelala kwenye mkeka kando yangu, naelewa nilichokuomba ukiwa na miaka saba. Nisamehe.

Usije Mei. Nakuomba. Usije kwa sababu ya huruma. Nitumie kisahani.

Baba yako,
Elias Ndalahwa
(Hiyo ndiyo sahihi yangu mpya. Benki bado hawajaikubali.)


Uppsala
7 Juni 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nimekusamehe ule utepe zamani, kabla hujaomba. Huo uongo bado kidogo. Nipe wiki nyingine.

Barua yako haina kosa hata moja. Nimeihesabu kuwa nzuri kuliko zote ulizowahi kuniandikia, na herufi zako zinafanana na zangu za darasa la kwanza.

Sijanunua tiketi. Nimezungumza na profesa wangu. Anajua habari za magugumaji yanayoziba ghuba yetu, na anasema naweza kuja Mwanza Septemba, nikae miezi minne nikichukua maji na mizizi, kisha niandike tasnifu kutokana na hayo. Kwa hiyo isingekuwa kuacha masomo. Lakini nitachelewa kuhitimu mwaka mzima, na wafadhili hawajasema kama watanisubiri. Wanaweza kukataa. Nikija wakakataa, nimebaki bila shahada. Nikikaa, namaliza Desemba kama ilivyopangwa, halafu ndiyo nirudi.

Sijui la kufanya. Nimepima kama ninavyopima maji, na sipati jibu. Nataka unijibu jambo moja, bila sarufi na bila ubaba: wewe unataka nini?

Visahani viwili vinafuata kwa kifurushi. Mama wa dukani anakusalimu. Alicheka, kisha akafuta macho. Anasema kwa mtu wa mkono wa kushoto maelezo yote yanageuka, lakini kinachokwenda moja kwa moja kinabaki moja kwa moja, mkono wowote. Vyote viwili ni vya namna hiyo. Cheupe ni cha plastiki laini, kikigusa minyororo kinanasa. Cha bluu ni kigumu, kinatoka mkononi kwa usafi zaidi, ila kinaweza kudunda na kutoka. Hakutaka kunichagulia. Amesema hilo mtupaji mwenyewe ndiye anayelijua.

Mwambie Mama naomba aniandikie na yeye, neno lolote, sasa kwa kuwa ameruhusiwa.

Mwanao,
Modesta


Mkolani, Mwanza
2 Julai 1995

Mwanangu mpenzi Modesta,

Visahani vimefika Alhamisi. Mama yako amekuandikia. Karatasi yake nimeiweka ndani na sikuisoma, ingawa alinitazama kama mtu anayengoja niisahihishe.

Umeuliza ninataka nini. Nataka uje. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu kwenye karatasi mbovu kabla ya kuthubutu kuiandika hapa. Nataka kukuona ukiingia uani na kuniamkia. Nataka pia umalize, ili mtu yeyote asije akasema shahada yako iliishia kwenye mkono wa baba yako. Sentensi zote mbili ni za kweli, nami nimetafuta kiunganishi cha kuziunganisha bila kukipata. "Na" haitoshi. "Lakini" ni kali mno. Nimeziacha zikae kila moja na nukta yake.

Uamuzi ni wako. Sisemi hivyo ili kukutupia mzigo. Niliwahi kuamua kwa niaba yako mkono wa kuandikia, na mwaka jana nikaamua kwa niaba yako jambo la kujua na la kutojua. Mara zote mbili nilikosea, na mara zote mbili nilikuwa na sababu nzuri. Safari hii sitaamua.

Ili usipime kwa mizani mbovu, nakupa hali halisi. Kidole gumba kimeanza kusogea. Daktari hatoi ahadi. Najivalisha shati mwenyewe, vifungo viwili vya juu mama yako ananifungia. Magugumaji yamezidi, wavuvi wa upande wa Kamanga wanayasukuma kwa mitumbwi kama watu wanaolima, kwa hiyo kazi ya profesa wako ipo, hata ukija baadaye. Jumapili baada ya misa nilimpa Padri mkono wa kushoto. Aliushika kwa mikono yake miwili. Watu waliokuwa nyuma yangu waliona, na Odeta naye akanipa wake wa kushoto makusudi, kisha akakimbia akicheka kama vile bado yuko darasa la nne.

Sasa visahani. Jana tulivijaribu tangu saa tatu hadi jua lilipokuwa kali. Vyote viwili vinakwenda moja kwa moja. Sijui nikuelezee vipi. Kinatoka mkononi, nakingoja kiegemee kulia kama ilivyo desturi, nacho hakiegemei. Kinaendelea tu mpaka kwenye minyororo. Mara ya kwanza Okech hakucheka, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Ameacha wanawake. Sasa tucheze."

Kwa cheupe nimeingiza mara nne kati ya kumi, nacho kinanasa kweli. Kwa cha bluu nimeingiza mara tatu, lakini zile tatu zilikuwa nzuri kuliko zile nne, na mara mbili kiligonga katikati kabisa kikadunda kutoka. Okech ananishauri cha bluu, na kwa kuwa yeye ni mpinzani wangu, ushauri wake nautilia shaka. Mama yako anasema cheupe. Nitavijaribu Jumamosi mbili tatu zaidi kabla ya kuchagua.

Nitakuandikia nikishachagua. Wewe niandikie ukishaamua la kwako, liwe la Septemba au la Desemba, na uandike kwa mkono unaoupenda.

Baba yako,
Elias Ndalahwa